Shangazi na Waridi la Karakana

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Shangazi wetu atavua aproni yake ya kijivu na kuikabidhi stoo, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo anatimiza umri wa kustaafu, na mwenyewe ameshasema hataki kuongezewa hata wiki moja, kwa sababu amekwisha kuwaahidi wajukuu kwamba anakuja. Mimi nakaa dirisha la mapokezi, karibu kabisa na meza yake. Kwa kuwa aliowakuta hapa wote wamekwisha kuondoka na mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu kati ya tuliobaki, nimeombwa niandike maneno haya kwa niaba ya wote.

Nianze na jina. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote hapa kazini. Alipoajiriwa alikuwa binti mwembamba, msaidizi wa stoo, na siku ya kwanza tu alimkemea fundi mkuu wa wakati ule kwa kuacha chuma cha kulehemu kikiwaka juu ya gazeti. Yule mzee alikizima, akamtazama, akasema, "Haya, shangazi, nimesikia." Wiki haikuisha, kila mtu akawa anamwita hivyo, hata waliomzidi umri. Siku hizi wateja wanakuja dirishani kwangu na kuuliza, "Yule shangazi yenu yupo?" kana kwamba sisi sote ni watoto wa kaka yake.

Kutoka stoo alihamia kwenye meza ya redio, kutoka redio akaenda kwenye kanda, kutoka kanda akaenda kwenye spika, na hedifoni ndogo za masikioni zilipoanza kuja kwa wingi, hakuna aliyezitaka. Mafundi walisema ni vitu vya kuchezea, waya wake ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na ukikosea kidogo umeua. Shangazi alizichukua zote. Mwaka ule paa la karakana lilipobadilishwa, yeye akawa fundi mkuu, na hakuwahi kuondoka kwenye meza ya sauti hata baada ya kupewa ofisi. Ile ofisi tulikuwa tunahifadhia miavuli.

Anayeleta hedifoni mpya na kulalamika kwamba upande mmoja unakatika, unarudi, unakatika tena, huwa na hasira ya aina yake. Kitu ni kipya, risiti anayo, na akikifikisha kwa fundi kinaimba vizuri pande zote mbili. Anaonekana mwongo. Shangazi hakuwahi kumwambia mtu kwamba kitu chake ni kizima. Alimvutia kigoda na kusema, "Nionyeshe ulikuwa unafanya nini iliponyamaza." Basi ukumbi wetu wa kusubiria umeona mengi. Tumeona watu wakitembea wakiwa wamesimama pale pale, na mama mmoja mshonaji akiinamia cherehani isiyokuwepo. Tulikuwa na muuza nyama aliyenyanyua mkono na kukata hewa kwa nguvu mpaka mtoto wa mteja mwingine akajificha nyuma ya mama yake. Kumbe kila alipoinua mkono, simu iliyokuwa kwenye mfuko wa aproni iliinama na kusukuma pini. Shangazi alimhamishia simu mfuko mwingine, na kazi ikaishia hapo. Muuza nyama alidai hajawahi kutibiwa kwa dawa rahisi namna ile.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa ile ile kwa kila mtu: "Geuza. Cha kushoto kivae kulia." Kimya kikihama pamoja na hedifoni, sikio halina neno. Hapo anajaribu simu nyingine. Kimya kikiisha, basi tundu la simu ya mteja limejaa uchafu wa mfukoni, na Shangazi analisafisha kwa kijiti cha meno, taratibu, huku akitoa vumbi na kumwonyesha mwenyewe. Kimya kikibaki, anaanza kuufuata waya kwa vidole kidogo kidogo, kutoka kwenye pini mpaka sikioni, akiukunja na kuukunjua.

Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kumpelekea hedifoni aliyonunua siku hiyo hiyo, akiwa na uhakika ameuziwa mbovu. Akaambiwa ageuze. Kimya hakikuhama. Kilibaki kwenye sikio lake la kushoto. Shangazi hakumwambia kitu mbele ya watu. Alimsindikiza mpaka nje na kumpa jina la daktari wa masikio. Alitibiwa, akapona, na miaka iliyofuata alisikia vizuri kabisa kila nilipomwita kutoka jikoni, ingawa mara nyingi alijifanya hasikii. Na nilipofiwa, Shangazi alikaa dirishani kwangu wiki nzima akipokea wateja kwa niaba yangu. Hakuniambia. Niliambiwa na wateja, waliolalamika kwamba mama yule mwingine ana maswali mengi.

Lakini jambo ambalo hatutalisahau ni lile la hedifoni za kituo cha simu, na kulieleza lazima nieleze kwanza waridi.

Zamani, hedifoni zilipokuwa nzito na waya zake nene kama kamba za viatu, Shangazi alibuni namna ya kuzifunga baada ya kuzikagua. Unazungusha waya kwenye vidole viwili, mara kulia na mara kushoto, kisha unachukua ile ncha yenye pini, unaipitisha pale waya unapogawanyika kwenda kwenye masikio mawili, na kuivuta mpaka ikaze. Ukiuweka mezani unakaa kama waridi lililochanua. Wateja waliupenda sana mtindo huo. Wengine walikuwa hawataki kuufungua. Hapa kwetu, aliyeajiriwa alifundishwa waridi kabla ya kuonyeshwa choo kilipo, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyesahihisha. Likilegea, alikurudishia ulifunge upya.

Mwaka ule ambao naukumbuka kwa mengine pia, kituo kimoja kinachojibu simu za wateja kiliagiza hedifoni mpya kwa wafanyakazi wake wote. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Utaratibu wetu ni kwamba hakuna kitu kinachotoka bila kukaguliwa na karakana, kwa hiyo tulifungua kila boksi, tukapima, tukafunga waridi, tukarudisha ndani. Wiki chache baadaye zikaanza kurudi. Malalamiko yalifanana: upande wa kushoto unapotea na kurudi. Tulizilaza mezani, tukapima, zikaimba. Tukazirudisha kwa maelezo kwamba hazina hitilafu. Zikaja tena, na nyingine nyingi nyuma yake.

Mara ya tatu alikuja mkuu wa kituo mwenyewe, mama mtulivu aliyevaa miwani kwenye mnyororo. Aliweka boksi dirishani kwangu na kusema, "Dada, watu wangu wanaongea na wateja wenye hasira siku nzima. Wakiomba kurudiwa kila neno, hasira inakuwa mara mbili. Hizi nimechoka nazo." Bosi alimsikia. Na Bosi, ambaye leo anacheka akikumbushwa, alikuwa kwa muda mrefu anakitazama chumba cha karakana kama stoo ambayo hajaipata bado. Alituita akatuambia waziwazi kwamba oda hii ikivunjika, karakana itafungwa na matengenezo yatapelekwa nje. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mashoto, fundi wetu anayetumia mkono wa kushoto, alikuwa ametoka kupata mapacha. Mtunza stoo alikuwa na mama mgonjwa. Na kwangu, mshahara wa dirisha ndio uliokuwa umebaki nyumbani.

Shangazi alifanya yote anayoyafanya siku zote. Akageuza, akabadilisha simu, akalisafisha kila tundu la simu lililokuwepo pale, akaufuata waya kwa vidole. Zilimwimbia tu. Akazitazama, akasema, "Hizi zinatuogopa," akachukua mkoba wake na kwenda kituoni.

Alikaa kati ya wapokea simu asubuhi nzima, hedifoni shingoni, akiwatazama vichwa tu. Aliona walichokuwa wakifanya bila wao wenyewe kujua. Kila walipogeukia kulia kusoma kompyuta, waya wa kushoto ulivutika, na hapo hapo sauti ya kushoto ilikufa. Waliporudi mbele ilifufuka. Alizileta chache na kuzipasua pale waya unapogawanyika. Ndani ya mpira, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika kabisa. Ukilaza waya mezani ncha zinagusana, sauti inapita. Ukigeuza shingo zinaachana. Ndiyo maana kwetu ziliimba. Sisi hatukuwa na shingo za kuzigeuza.

Mhandisi wa msambazaji, yaani kampuni iliyotuuzia mzigo, aliitwa. Alikuwa kijana muungwana aliyesikiliza kila kitu mpaka mwisho. Alizipasua nyingine mwenyewe, akakuta zote zimekatika mahali pale pale, na akasema kwa haki kabisa kwamba zikikatika zote mahali pamoja, udhaifu uko kiwandani. Kampuni yake ingebadilisha mzigo wote bure, na ingemwandikia mteja kwamba karakana haina kosa. Siku hiyo tulinunua soda. Mtunza stoo alicheza ngoma ambayo hakuna aliyeijua, akamzungusha Shangazi mpaka miwani ikamdondoka.

Shangazi alirudi kituoni kusimamia ukusanyaji. Safu zote zilimrudishia hedifoni zilizokufa kushoto, mpaka alipofika safu ya mwisho karibu na dirisha. Pale wapokea simu walimwambia, "Sisi mama, zetu zinakufa kulia." Alishangaa kidogo, akaomba aone zile za akiba za safu hiyo, ambazo hazijafunguliwa. Akafungua boksi. Waridi lilikuwa limelalia upande mwingine, kama vile linavyoonekana kwenye kioo.

Hapa kazini kuna mkono mmoja tu unaofunga waridi namna hiyo, nao ni wa Mashoto. Sisi wengine tulikuwa tukivuta ncha juu ya waya wa kushoto. Yeye, kwa mkono wake, alivuta juu ya wa kulia. Shangazi aliniambia kwamba alikaa juu ya yale maboksi akacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akaacha kucheka.

Alitaka uhakika. Alikwenda kwenye ghala la msambazaji, akaomba hedifoni za mzigo ule ule ambazo hazikupita kwetu. Moja aliivaa nyumbani siku kadhaa, akipika na kufagia huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, mpaka mjukuu wake akamuuliza, "Bibi, unamkatalia nani?" Haikukatika. Nyingine aliifunga waridi kwa mikono yake, akaifungua, akaifunga tena, akaivaa. Alipogeuka kulia, kushoto kukanyamaza. Waya hizi mpya hazikuumbwa kwa mtindo ule. Kadiri tulivyozikagua kwa uangalifu ndivyo tulivyoziua, na zilizorudi kwetu mara mbili zilifungwa waridi mara mbili.

Alitueleza sote asubuhi moja, amesimama, mikono mfukoni mwa aproni. Mashoto alikuwa anaitazama mikono yake. Mtunza stoo ndiye aliyesema kwanza. "Shangazi, yule mhandisi amejitolea mwenyewe kubeba mzigo. Sasa wewe unamkimbilia kumpokonya?" Tulicheka, lakini si sana, kwa sababu kila mtu alikuwa anafikiri hivyo hivyo. Barua ya msambazaji ilikuwa njiani. Kukaa kimya tu kungetosha kuokoa karakana.

Shangazi alimuuliza, "Na huo mzigo mpya ukifika, tutaufunga vipi?"

"Tutaacha waridi kimyakimya."

"Na kijana wa watu akiulizwa kiwandani kwake kwa nini amerudisha kitu kizima?"

Mtunza stoo akakuna kichwa. Akasema basi angalau asiseme ni waridi lake, aseme ni la karakana. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, nililibuni mimi. Mlipolilegeza niliwarudishia. Sasa mnataka liwe la nani?"

Mkutano ulifanyika katika chumba cha Bosi, na mimi nilikuwepo kwa sababu niliombwa nilete maboksi. Walikuwepo mkuu wa kituo, mhandisi na Bosi. Shangazi hakuanza na pole wala utangulizi. Alichukua hedifoni nzima kutoka ghalani, akampa mkuu wa kituo aivae na kugeuza shingo. Sauti ilikaa. Akaichukua, akafunga waridi mbele yao, zuri kuliko yote niliyowahi kumwona akifunga. Akalifungua, akalifunga tena, akampa. Mama yule aligeuka kulia na kubaki ameangalia ukuta. "Imekufa," alisema. Shangazi akasema, "Basi hivyo ndivyo tulivyowaharibia. Kiwanda hakina kosa. Namna hii ya kufunga ni yangu, na waliofunga walifuata nilivyowafundisha."

Bosi alifumba macho. Nilifikiri hapo ndipo tumekwisha, nikaanza kukusanya maboksi ili nipate cha kufanya.

Mkuu wa kituo aliivua hedifoni taratibu, akauliza swali moja tu. "Mnaweza kuzitengeneza?"

Shangazi akasema zinawezekana zote. Pale zilipokatika ni pamoja, kwa hiyo ni kukata kipande kidogo, kulehemu upya na kuvika mpira mgumu kidogo. Akaomba kufanya kazi hiyo kituoni, ili kila mpokea simu aivae na kugeuza shingo kabla ya kuipokea. Yule mama akageuka kwa Bosi akamwambia, "Nimenunua vitu kwa watu wengi. Wote hitilafu yao ilikuwa kwa mwingine. Hawa wakiwepo, oda ipo. Wasipokuwepo, nachukua kwingine." Mhandisi naye alisimama akampa Shangazi mkono, akaomba afundishwe kugeuza shingo, maana kiwandani kwao nao wanapima kwa kulaza mezani.

Tulihamia ukumbi wa kituo kile, meza nne zimepangwa kando ya ukuta, harufu ya risasi ya kulehemu mpaka kwenye ngazi. Mashoto ndiye aliyefanya kazi kwa kasi kuliko wote. Wapokea simu walipanga mstari wakati wa mapumziko yao. Wakikabidhiwa walitikisa vichwa vyao kama watu wanaokataa jambo zito, halafu wakatabasamu, na kila aliyetabasamu Shangazi alimwambia, "Haya, nenda kajibu simu." Walipomaliza wa safu ya mwisho, wale wa kulia, ukumbi mzima ulipiga makofi. Bosi alikuwa mlangoni. Naye alipiga.

Yaliyofuata mnayaona kwa macho yenu. Kituo kile kilitupa matengenezo yake yote. Msambazaji anatuletea bidhaa zinazorudishwa kutoka maduka yake mengine. Chumba kilichokuwa kiwe stoo kimetobolewa ukuta na kuongezewa dirisha la pili, na dada anayekaa pale amejifunza kuuliza maswali mengi. Hedifoni zetu sasa zinatoka zimelazwa katika trei, waya umekunjwa duara kubwa lililolegea, hakuna fundo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyechora trei hizo. Na mafundi wote, wakimaliza kupima chochote kinachovaliwa masikioni, wanakivaa na kugeuza shingo kulia na kushoto. Mgeni akiingia huku ghafla anaweza kudhani tumegombana wote kwa pamoja.

Bosi ameniomba niandike kwa maneno yake kwamba katika miaka yote ya biashara hajawahi kufurahi kiasi hicho kwa kukosa stoo. Mtunza stoo, ambaye mama yake amepona na atakuwepo kwenye sherehe ya kumuaga Shangazi, ameomba niandike kwamba bado anaamini angeweza kunyamaza vizuri zaidi kuliko Shangazi. Mashoto hakuomba niandike chochote. Kuanzia wiki ijayo yeye ndiye fundi mkuu, kwa pendekezo la Shangazi, na miavuli imeshatolewa ofisini.

Shangazi, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa maswali yako, na kwa asubuhi ile ambayo ungeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angekulaumu. Wako watu hapa waliosomesha watoto kwa sababu hukukaa kimya, na mimi ni mmoja wao. Tunakuombea afya njema, masikio mazima, wajukuu wasiochoka kukuchosha, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu yeyote.

Nenda kapumzike, Shangazi. Jumatatu asubuhi tutafungua mlango wenyewe, na wateja watatukuta.